Betri inakufa gari likiwa limesimama: msake mwizi wa chaji kabla hujanunua betri nyingine

Gari lilizimwa Ijumaa jioni likiwa zima kabisa. Jumatatu asubuhi unageuza ufunguo, stata inalia tik-tik-tik, taa za dashibodi zinafifia, kisha kimya. Jirani anakuja na nyaya za kubustia, linawaka, unaenda kazini. Jumatatu inayofuata, yale yale. Hapo watu wengi huelekea dukani: inanunuliwa betri mpya ya saizi ya NS60, wiki mbili tatu mambo yananyooka, halafu ugonjwa unarudi na lawama anatwishwa muuza betri.

Betri mpya haizibi tundu. Kama kuna kitu ndani ya gari kinachokunywa umeme usiku, kitaunywa na huo mpya, tena kitaiharibu betri yenyewe. Betri ya kuwashia gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache kisha ijazwe mara moja. Haikutengenezwa ikaushwe. Kila inapokaushwa, salfeti ya risasi hujikusanya kwenye sahani zake, na ikiachwa hivyo kwa siku kadhaa huwa ngumu, sehemu ya uwezo wa betri isirudi tena. Kwa hiyo mtu anayebustiwa kila wiki anaiua betri yake polepole, hata kama ilikuwa mpya mwezi uliopita.

Huku kwetu Arusha na Kilimanjaro tatizo hili hujitokeza sana kwa sababu mbili. Kwanza ni baridi ya Juni mpaka Agosti. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na betri iliyopungua chaji, ambayo kwenye joto la Moshi mjini bado ingezungusha stata, alfajiri ya Ilboru au Ngaramtoni inashindwa. Ya pili ni magari kusimama muda mrefu: Land Cruiser za watalii zinazoegeshwa masika, Aprili na Mei, gari lililoachwa Marangu baada ya Krismasi, gari la msafiri lililobaki uwanja wa ndege wa KIA wiki tatu. Gari linalotembea kila siku huficha wizi wa chaji, kwa sababu alteneta, mashine inayochaji betri injini ikiwaka, inarudisha mchana kilichoibwa usiku. Likisimama, siri inatoka.

Vifaa ni vichache: multimita (hata ile ndogo ya bei nafuu inatosha kuanzia), spana namba 10, bisibisi, tochi, kipande cha waya mnene chenye vibanio ncha zote mbili, na jioni moja isiyo na haraka. Haraka ndiyo huharibu kipimo hiki kuliko kitu kingine chochote, na utaona sababu.

Tenganisha magonjwa matatu

Betri ikiisha chaji, kuna uwezekano wa aina tatu: betri yenyewe imechoka, gari halichaji, au kuna mwizi. Dalili kwa dereva ni ileile, tiba ni tofauti kabisa. Usianze kuchomoa fyuzi kabla hujajua unatibu nini.

Anza na kuchaji. Washa injini, weka mita kwenye volti za DC (kwenye mita nyingi ni alama ya 20), ncha nyekundu kwenye kichwa chanya cha betri na nyeusi kwenye hasi. Usome kati ya volti 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa na feni, usome tena. Ikibaki 12 na kitu na kuendelea kushuka, alteneta, mkanda wake au waya wake una tatizo, na huko ndiko pa kuanzia. Ikipanda na kukaa juu ya 15, inachaji kupita kiasi na itapika betri.

Sasa betri yenyewe. Ijaze kwa chaja mpaka ijae, siyo kwa kuzunguka nalo mjini. Iache ipumzike saa kadhaa, kisha vua waya wa hasi na uiache peke yake usiku kucha. Pima jioni, pima asubuhi. Betri nzima iliyojaa hukaa kwenye 12.6 au 12.7. Volti 12.4 ni kama robo tatu ya chaji, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na 11.8 au chini imekauka. Ikiwa betri iliyovuliwa waya imeshuka yenyewe usiku mmoja kutoka 12.6 hadi 12.3, hakuna haja ya kumsaka mwizi, betri ni mgonjwa. Ikibaki palepale, rudisha waya, funga gari kama kawaida yako, uliache siku mbili bila kuligusa, upime tena. Ikishuka sasa na awali haikushuka, umethibitisha: gari linaiba.

Kipimo hicho cha usiku mbalimbali ni kirefu lakini nakipenda, kwa sababu kinaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye mita, hata asiyejua ampea ni nini, na kinamaliza ubishi kati ya mwenye gari, fundi na muuza betri.

Kabla ya yote, tazama juu ya betri. Uchafu wenye unyevunyevu na ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa hupitisha umeme kidogo kidogo kutoka chanya kwenda hasi. Vua nyaya, hasi kwanza, sugua kwa brashi na maji ya uvuguvugu yenye magadi, suuza, kausha, kaza vizuri. Hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa ili magadi yasiingie ndani. Kama ni betri ya kuongeza maji, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, kamwe siyo asidi.

Hesabu ya wizi

Gari lililozimwa haliachi kabisa kutumia umeme. Saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta ya injini, mapokezi ya rimoti na alamu vyote vinahitaji kidogo. Gari la kawaida lililolala hutumia miliampea 20 mpaka 50. Lenye alamu na kifaa cha kufuatilia gari linaweza kufika 80 na bado likawa halina kosa.

Zidisha ampea kwa saa 24 upate kinacholiwa kwa siku. Miliampea 30 ni ampea 0.03, kwa siku ni 0.7 hivi. NS60 ina ampea-saa 45, yaani akiba ya kutoa kama ampea moja kwa saa 45, na gari huanza kugoma betri ikifika karibu na nusu, yaani baada ya kuliwa 22. Kwa wizi wa miliampea 30 itachukua kama mwezi. Kwa miliampea 300 ni siku tatu. Kwa ampea moja nzima, haimalizi siku. Taa ndogo ya buti ya wati 5 iliyokataa kuzimika inakula ampea 0.4, karibu 10 kwa siku: Ijumaa jioni mpaka Jumapili usiku, umekwisha. Vitz au Passo yenye NS40, ya ampea-saa 35 hivi, itawahi zaidi.

Hesabu hii inakusaidia kabla hata hujapima. Gari linaloishiwa chaji kwa usiku mmoja linaibiwa na kitu kikubwa, kama rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) iliyoganda, feni au taa. Linalochukua wiki linaibiwa na kitu kidogo: redio, alamu, kompyuta isiyolala. Na kama gari lako linakaa wiki tatu bila kuwashwa ndipo linagoma, huenda halina ugonjwa wowote. Limeachwa tu muda mrefu kuliko betri yake inavyoweza.

Macho na masikio kwanza

Fanya hivi usiku, gizani. Zima gari, funga milango, subiri dakika kumi, kisha lizunguke taratibu. Taa za breki zimezimika? Kwenye magari yaliyozeeka kuna kipira au plastiki ndogo kwenye pedeli ya breki inayosukuma swichi. Ikivunjika na kudondoka, swichi inabaki imeachia na taa za nyuma zinawaka usiku kucha. Ukikuta vipande vya plastiki kwenye kapeti chini ya pedeli, umeshampata mwizi, na kipande kipya ni cha bei ndogo mno.

Taa ya buti na ya kiboksi cha dashibodi huwezi kuziona milango ikiwa imefungwa, kwa hiyo weka simu ndani ikirekodi video, funga, fungua baada ya dakika moja, utazame. Gusa balbu ya buti pia: ikiwa ya moto asubuhi, hapana haja ya kipimo kingine. Usisahau taa za vioo vya kujitazamia kwenye vizuia jua, hasa magari yanayobeba watoto.

Fungua boneti uweke mkono juu ya rilei moja moja. Gari lililolala saa mbili halina sababu ya kuwa na rilei yenye joto. Sikiliza pia: mlio mdogo wa mota, feni inayozunguka, au mlio wa tik unaojirudia kila baada ya muda ni kitu kisichotaka kulala.

Chomoa vyote vilivyochomekwa kwenye soketi ya sigara na kwenye USB. Kwenye baadhi ya magari soketi hiyo hubaki na umeme hata ufunguo ukitolewa, na chaja, kamera ya dashibodi au kirusha muziki kwa redio hunyonya usiku mzima. Magari yaliyotoka Japani mara nyingi huja na kisanduku cha kulipia barabara za huko, kile kinachoingizwa kadi. Huku hakina kazi. Kichomolewe.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: gari la ufunguo usiochomekwa, lile la kubonyeza tu, huwasiliana na ufunguo wake ukiwa karibu. Kama gari linaegeshwa ubavuni mwa nyumba na ufunguo unaning'inizwa kwenye ukuta huohuo wa ndani, mita moja na nusu kutoka mlangoni mwa gari, mawasiliano hayo hayakomi na betri inalipa. Hamishia ufunguo chumba cha mbali.

Kupima ampea: hapa ndipo penye umakini

Sasa tunapima umeme unaotoka. Ili kuupima lazima upite ndani ya mita, kwa hiyo mita inakaa katikati ya kichwa hasi cha betri na waya wake. Vua saa na pete. Usifanye kazi hii na sigara wala karibu na jiko. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja inatosha.

Teremsha vioo vyote kwanza, ili gari likijifunga usibaki nje. Fungua boneti. Kama boneti ina swichi ya alamu, ibane ijione imefungwa. Fungua mlango wa dereva na, kwa bisibisi, sukuma kikufuli cha mlango mpaka kiingie kama vile mlango umefungwa. Utaweza kuingia kwenye fyuzi za ndani bila kuliamsha gari. Kumbuka kukiachia kikufuli hicho kwa kuvuta kitasa kabla ya kuufunga mlango kweli. Toa ufunguo, uupeleke mbali.

Hamisha waya mwekundu wa mita uingie tundu la 10A, mweusi ubaki COM, na swichi ya mita iwe kwenye 10A. Kabla ya kulegeza kichwa hasi, chukua ule waya wenye vibanio: kibanio kimoja kwenye kichwa hasi cha betri penyewe, kingine kwenye waya mkubwa wa hasi. Sasa ukivua waya mkubwa, umeme bado unapita kwenye daraja ulilojenga na kompyuta za gari hazijui kilichotokea. Unganisha mita vilevile, ncha moja kwenye kichwa, nyingine kwenye waya. Daraja liache.

Sasa subiri. Nusu saa ni ya chini kabisa, na magari mengine yanataka saa nzima mpaka kompyuta zote zilale. Hapa ndipo haraka inapoharibu: mtu anavua waya, anaweka mita, anasoma ampea 2, anapiga kelele kwamba amempata mwizi. Hajampata. Amelipima gari likiwa macho. Kanywe chai.

Ukirudi, ondoa daraja na usome. Kwenye 10A, mita ndogo ikiandika 0.03 au 0.04 ni miliampea 30 au 40, gari halina neno. Ikiandika 0.30 una kazi. Ikipandashuka, mfano 0.05 kisha 0.60 kisha 0.05, kuna kitu kinachoamka na kulala, na mara nyingi ni alamu, kifaa cha kufuatilia, au swichi ya mlango inayochezacheza.

Makatazo mawili. Mita ikiwa kwenye ampea, usiiguse kamwe kwenye chanya na hasi za betri kwa pamoja. Hiyo ni shoti, na mita nyingi za bei nafuu hazina fyuzi kwenye tundu la 10A. Na mita ikiwa katikati bila daraja, usiwashe gari, usifungue swichi, usiwashe taa kubwa. Stata inavuta zaidi ya ampea mia moja. Kitu chochote kikihitaji kuamka, rudisha daraja kwanza.

Mwenye mita ya kubana waya inayosoma DC ana bahati: anaubana waya wa hasi na kusoma bila kuvua chochote. Lakini hakikisha inasoma ampea ndogo kweli. Nyingi zimetengenezwa kwa umeme wa nyumba na zitakudanganya kwenye miliampea.

Fyuzi kwa fyuzi

Njia ya zamani ni kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku mwenzako akitazama mita. Kusoma kukishuka kutoka 0.35 hadi 0.04, umepata njia ya mwizi. Inafanya kazi, ila ina kasoro: kuchomoa na kurudisha fyuzi kunaiamsha kompyuta, na unalazimika kusubiri tena.

Iliyo bora, hasa kwa magari ya miaka ya 2000 na kuendelea, ni kupima bila kuchomoa. Fyuzi ni waya mwembamba. Umeme ukipita, kunabaki tofauti ndogo sana ya volti kati ya ncha zake. Mgongoni mwa fyuzi kuna vidoa viwili vya chuma vilivyo wazi. Rudisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la volti, weka mita kwenye milivolti za DC (200m), gusa vidoa vyote viwili. Ikisoma 0.0, hakuna kinachopita. Ikisoma chochote, hata 0.3, hapo umeme unapita. Kwenye fyuzi ndogo ya 10A, milivolti moja ni kama ampea 0.13. Fyuzi ya namba kubwa zaidi ina upinzani mdogo, hivyo milivolti zilezile zinamaanisha umeme mwingi zaidi. Waya wa hasi wa gari ukiwa umerudi mahali pake, na gari limelala, unapita fyuzi zote kwa dakika chache.

Magari mengi yana masanduku mawili ya fyuzi, moja chini ya boneti na jingine chini ya dashibodi upande wa dereva au wa abiria. Usikomee kwenye moja. Kifuniko kikiwa na maandishi ya Kijapani, elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri. Kwenye Toyota utakutana na DOME, ambayo hulisha taa za ndani na mara nyingi kumbukumbu ya redio; ECU-B, ya kompyuta za mwili wa gari; STOP, ya taa za breki; na ALT-S, ya alteneta. Kusoma kidogo kwenye DOME na ECU-B ni kawaida. Unachotafuta ni kikubwa kisichotarajiwa.

Ukiipata fyuzi, kazi haijaisha, imepungua tu. Fyuzi moja hulisha vitu vingi. Chomoa kimoja kimoja kwenye soketi zake mpaka namba ishuke. Rilei inayoshukiwa, ibadilishe nafasi na nyingine inayofanana nayo kabisa. Wizi ukihama nayo, rilei ndiyo mbovu.

Fyuzi zote ni safi na wizi bado upo

Hapo kuna watuhumiwa wawili. Wa kwanza ni alteneta. Ndani yake kuna diodi zinazouzuia umeme wa betri usirudi nyuma. Diodi ikivuja, betri inajimwaga kwenye alteneta usiku kucha, na huenda mchana ikaendelea kuchaji vizuri tu, ndiyo maana watu hawaishuku. Vua hasi ya betri, fungua ule waya mnene ulio nyuma ya alteneta, ufunike kwa utepe wa umeme, rudisha hasi na upime tena. Wizi ukitoweka, alteneta iende kwa fundi abadilishe diodi zake. Si lazima ununue nzima.

Wa pili ni waya uliofungwa moja kwa moja kwenye betri na fundi fulani. Fuata kila waya mwembamba unaotoka kwenye kichwa chanya: alamu, kifaa cha kufuatilia, amplifaya ya muziki, taa za ziada za bampa, honi ya pili. Kila waya wa aina hiyo usio na fyuzi yake karibu na betri ni hatari ya moto pia, na ungefaa kuwekewa fyuzi leo hata kama hauibi.

Wezi ninaowakuta zaidi, na tiba yao

Redio ndiyo namba moja kwa maoni yangu, hasa zile za skrini kubwa za Android zinazofungwa baada ya gari kufika nchini. Redio ina waya wa njano wa umeme wa kudumu kwa ajili ya kumbukumbu, na mwekundu unaopaswa kupata umeme ufunguo ukifunguliwa tu. Fundi asiyepata waya wa ufunguo, au mwenye gari anayetaka muziki bila ufunguo, hufunga njano na nyekundu pamoja kwenye umeme wa kudumu. Skrini inazimika, lakini ndani redio haijalala. Ukichomoa soketi ya redio na kusoma kukashuka kutoka 0.4 hadi 0.04, tenganisha nyaya hizo, tafuta kwa mita waya unaopata volti 12 ufunguo ukiwa ACC (hatua ya kusikiliza redio bila kuwasha injini) na sifuri ukitolewa, ufunge mwekundu hapo. Waya mwekundu ukishakuwa sahihi na redio bado inakula, tatizo liko ndani yake au kwenye mipangilio yake ya kulala.

Alamu za kufungwa baadaye ni namba mbili. Nyingine huzeeka na kuacha kulala, nyingine zimeunganishwa kwa kusokota waya juu ya waya na utepe, na masika unyevu unaingia kwenye maungio. Kama alamu haifanyi kazi ya maana tena, itolewe yote, nyaya zirudishwe zilivyokuwa kiwandani. Kuiacha imefa nusu ndani ya gari hakuna faida yoyote.

Kifaa cha kufuatilia gari kinahitaji adabu. Kama gari lina mkopo au lina mkataba wa ulinzi, waambie wahusika kabla hujagusa waya wake, vinginevyo watakupigia simu wakidhani gari limeibwa. Kinachokula zaidi ya miliampea chache muda wote ni chao kukirekebisha.

Kwa walio Marangu, Kibosho au Machame, magari yanayolala karibu na ghala au migomba: tazama panya. Wanatafuna ganda la waya, waya unagusa bodi, na wizi unatokea siku za mvua tu. Kwa gari la namna hiyo pima likiwa limelowa.

Gari la watalii ni habari yake. Friji ya compresa inavuta ampea 3 mpaka 5 inapozunguka. Inveta ya kuchajia kamera inakula hata ikiwa haina kilichochomekwa, kwa sababu yenyewe imewashwa. Redio ya mawasiliano, soketi za kila kiti, taa za paa: hivi si ubovu, ni matumizi, na dawa yake ni mpangilio. Vihamishie kwenye betri ya pili, weka kitenganishi kinachozikata betri mbili injini ikizimwa, na friji iwe na kikomo cha kujizima volti zikishuka. Dereva aliye Seronera saa kumi na moja alfajiri akiwa na wageni sita ndani hapaswi kutegemea bahati ili stata izunguke.

Baada ya kutibu

Pima tena ampea kwa utaratibu uleule, pamoja na kusubiri kwote. Usimwachie gari fundi aseme "tumemaliza, mzee" bila namba. Mwombe akuonyeshe kwenye mita: ilikuwa ngapi, sasa ni ngapi. Fundi mzuri hatachukia.

Kisha ijaze betri kwa chaja. Betri ya ampea-saa 45 iliyokauka, kwa chaja ya ampea 5, inataka zaidi ya saa tisa. Safari ya Njiro mpaka soko la Kilombero na kurudi haitoshi hata robo. Alteneta nayo huumia ikilazimishwa kuijaza betri iliyokufa kila wiki. Ikishajaa, rudia kipimo cha usiku ikiwa imevuliwa waya. Ikiwa imeshachoka kwa kukaushwa mara nyingi, sasa ndipo ununue mpya, ukijua haitaibiwa. Chukua saizi ileile, angalia pia kama ni L au siyo, maana herufi hiyo inaonyesha vichwa vimekaa upande gani, na angalia tarehe ya kutengenezwa: betri iliyokaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa si mpya.

Ukilazimika kubustia kabla ya hapo: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya nzima, mweusi kwenye hasi ya nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma tupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukuma, msijichoshe.

Gari likisimama wiki au miezi

Hata gari lisilo na mwizi halitavumilia masika yote. Ijaze betri, vua waya wa hasi, uufunge kwa kitambaa usirudi kugusa. Kwa magari mengi ya kampuni, swichi ya kukata betri iliyofungwa kwenye hasi ni nafuu na inamaliza kazi kwa kuzungusha kitasa. Ukitaka alamu ibaki hai, weka chaja ya kutunzia, au paneli ndogo ya jua yenye kidhibiti chake. Moshi jua lipo la kutosha. Angalia volti kila mwezi, na ikifika 12.4 ijaze.

Ukirudisha waya, saa itakuwa imepotea, vioo vya umeme vinaweza kukataa kupanda kwa mguso mmoja (pandisha mpaka juu, endelea kushikilia swichi sekunde chache), na injini inaweza kuunguruma vibaya bila kukanyagwa mafuta kwa muda mpaka kompyuta izoee tena. Redio zenye namba ya siri zitaidai, kwa hiyo itafute kabla hujavua waya. Kwenye gari la haibridi, lile la mafuta na umeme, betri ya volti 12 mara nyingi iko nyuma, ni ndogo, na hayo yote yanaihusu. Lakini nyaya za rangi ya chungwa usiziguse, hizo ni za fundi aliyefunzwa.